Sivatherium wa karakana ya Mtwara: kuchonga wamechonga, kuunga bado

Seti hii inauzwa katika karakana moja ya vinyago iliyo nje kidogo ya mji wa Mtwara, ukifuata barabara ya Mikindani. Bei ni shilingi 240,000 bila usafiri. Ndani ya boksi kuna vipande 22 vya mti, vigingi 27, kipande cha msasa na karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara mbili. Ukiviunga vyote unapata Sivatherium, mla majani wa ukoo wa twiga aliyetoweka zamani, kwa kipimo cha 1 kwa 8. Kwa wasio na subira: mchongo ni wa daraja la kwanza, viungio ni vya daraja la tatu, na karatasi ya maelezo inafaa kufungia karanga.

Tuanze na mnyama mwenyewe, maana asiyemjua hatajua fundi amepatia wapi na amekosea wapi. Jina Sivatherium lilitolewa mwaka 1836 na Hugh Falconer na Proby Cautley, waliokuwa wakikusanya mifupa katika vilima vya Siwalik, India. Maana yake ni mnyama wa Shiva. Alikuwa mamalia anayecheua, mwenye kwato mbili kila mguu, na jamaa zake waliobaki leo ni wawili tu: twiga na okapi, mnyama wa misitu ya Kongo. Hata hivyo ukimfikiria twiga utapotea. Shingo yake ilikuwa fupi, mabega mazito, miguu minene, na kichwani alibeba pembe nne: mbili fupi zenye ncha juu ya macho, na mbili kubwa nyuma ya hizo. Wa India ndiye Sivatherium giganteum. Afrika tuna Sivatherium maurusium, ambaye mabaki yake yamepatikana Laetoli na Olduvai, na Sivatherium hendeyi wa Langebaanweg, Afrika Kusini. Falconer na Cautley walidhani alikuwa hata na mkonga. Fundi wetu hakumpa mkonga, na kwa hilo apewe haki yake.

Sasa vipimo, na hapa ndipo penye utamu. Kwa muda mrefu maandishi mengi yalimpa mnyama huyu urefu wa mita 2.2 begani na kumlinganisha na tembo kwa uzito. Mwaka 2016 watafiti Basu, Falkingham na Hutchinson waliunganisha mifupa ya Sivatherium giganteum ndani ya kompyuta, wakaivisha mwili, wakapima ujazo. Walipata uzito wa kilo 1,246, ukiwa na nafasi ya kushuka hadi 857 au kupanda hadi 1,812, na bega la kama mita 1.8. Huyo si tembo hata kidogo, ingawa huenda ndiye mcheuaji mkubwa kuliko wote waliowahi kutembea duniani.

Kwa kipimo cha 1 kwa 8, mita 1.8 inakuwa sentimita 22.5. Simamisha mfano kwenye kitako chake, yaani bapa la mti la chini, weka rula wima kando ya mguu wa mbele, soma juu ya bega: sentimita 24. Hiyo ni sawa na mita 1.92 kwa mnyama halisi. Kosa la sentimita moja na nusu kwenye mti uliochongwa kwa tezo na patasi linasameheka, hasa ukikumbuka kwamba toleo la kwanza la karakana hiyohiyo lilifika sentimita 27 na lilikuwa na miguu ya twiga kabisa. Ukikuta mtu anauza la zamani kwa bei ya chini, liache. Utalitambua kwa kipande cha chini cha mguu wa mbele, ambacho ni kirefu kuliko kile cha juu.

Uzito nao unapimika, na ni kipimo kizuri kuliko macho. Mwili wote bila kitako una kilo 2.1 kwenye mizani ya duka. Kati ya hizo, gramu 200 hivi ni pembe na kwato za mpingo, na kilo 1.9 ni mninga. Mninga uliokauka una kama kilo 0.64 kwa lita moja. Mpingo una kama kilo 1.2. Gawanya, jumlisha, unapata lita 3.14. Kipimo cha 1 kwa 8 maana yake ujazo ni 1 kwa 512 (8 mara 8 mara 8), na mwili wa mnyama una uzito wa karibu sawa na maji. Kwa hiyo mfano huu, ungekuwa hai na wa ukubwa wake, ungefika karibu kilo 1,600. Uko ndani ya mpaka wa wale watafiti, lakini upande wa wanene. Unene huo umekaa tumboni, na sababu yake haina siri: matundu ya vigingi vya miguu yanaingia milimita 30 ndani ya kiwiliwili, na fundi ameacha nyama ya mti ya ziada ili keekee isitokeze upande wa pili. Darasani hesabu hii ni somo zima la ujazo na uzani, na wanafunzi wa kidato cha pili wanaiweza bila kikokotoo.

Mahali ambapo fundi amepatia kuliko wote ni miguu ya mbele. Utafiti uleule wa 2016 ulionyesha kuwa mfupa wa juu wa mguu wa mbele wa Sivatherium ulikuwa mnene kuliko inavyotarajiwa kwa mnyama wa uzito wake, na watafiti wakakisia kuwa uzito wa mwili ulisogea mbele. Mtu mwenye kichwa kizito na pembe nne hawezi kusimama kwa miguu ya swala. Kwenye seti hii kipande cha juu cha mguu wa mbele kina kipenyo cha milimita 38 katikati, na cha nyuma milimita 31. Tofauti hiyo inaonekana kwa macho na inashikika kwa mkono. Mifano mingi ya plastiki inayoletwa kutoka nje humpa mnyama huyu miguu minne iliyo sawa kama ya meza.

Kwato ni habari nyingine. Zile mbili za mbele kwa kila mguu ni safi, zimepasuliwa vizuri, na mpingo umezipa weusi unaofaa. Tatizo ni vile vikwato viwili vidogo vilivyochongwa nyuma ya kifundo, kama vya ng'ombe. Twiga hana. Okapi hana. Hakuna sababu ya kumpa jamaa yao. Ni wazi fundi alimtazama ng'ombe aliyefungwa jirani, na wala si kosa kubwa: vikwato hivyo vina urefu wa milimita 4, vinaondoka kwa patasi ndogo na msasa namba 120 ukifuata na 240. Vaa barakoa unaposugua, kwa sababu unga wa mpingo huwasha ngozi na kukera kifua. Mdomo uko sawa: taya la juu halina meno ya mbele, kama inavyotakiwa kwa mcheuaji. Mkia hauna la kusemwa.

Kuhusu mti wenyewe. Kiwiliwili, shingo, kichwa na miguu ni mninga. Pembe na kwato ni mpingo. Uchaguzi huu una akili, maana mpingo hauna magogo makubwa. Shina lake huwa fupi, limepinda, mara nyingi lina uwazi katikati, na kupata kipande cha kiwiliwili kisicho na ufa ni bahati. Lakini si kila boksi lina mpingo wa kweli. Mji wowote wenye wachonga vinyago una mtu anayepaka mti mweupe kiwi nyeusi ya viatu na kuuita mpingo. Njia ya haraka ya kujua ni kuchukua pembe moja kubwa, kuitumbukiza kwenye ndoo ya maji, kuhesabu hadi tano na kuitoa. Mpingo unazama. Ikielea, rudisha boksi. Ifute mara moja kwa kitambaa kikavu, usiiache inywe maji. Njia ya pili ni kitambaa cheupe chenye matone machache ya spiriti: sugua upande wa chini ambao hauonekani. Kiwi itaacha weusi mzito wa mafuta kwenye kitambaa, na chini yake utaona mti mweupe. Usitishwe na mstari wa njano kwenye ukingo wa pembe moja au mbili, hiyo ni sehemu ya nje ya mti ambayo mpingo wote unayo. Wachongaji wengine huiacha makusudi kwa urembo.

Kitako ndicho kipande dhaifu. Ni mwembe, bapa la sentimita 40 kwa 18, unene milimita 22, na mwembe ni chakula kitamu cha wadudu wanaotoboa mbao. Geuza kitako, gonga mara mbili juu ya karatasi nyeupe. Ukiona unga laini kama wa muhogo umedondoka, wamo. Kifunge kitako kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kiache ndani ya mfuko siku nzima kirudi kwenye joto la kawaida kabla ya kufungua. Ukifungua mapema, unyevu wa hewa ya pwani utakaa juu ya mti na kuuvimbisha. Asiye na friza aombe kitako cha mninga tangu mwanzo. Karakana wanakitoa kwa nyongeza ya shilingi 18,000, na ni pesa iliyotumika vizuri.

Tuje kwenye kuunga, maana malalamiko yako hapa. Mchonga kinyago amefundishwa kutoa. Ana gogo, anaona watu ndani yake, anaondoa kisichokuwa mtu. Ukimpa kazi ya kuunganisha kipande na kipande umemtoa kwenye fani yake na kumpeleka kwa seremala, na hawa wawili si ndugu ingawa wote wanashika patasi. Inaonekana kwenye matundu. Vigingi vya miguu, shingo na kichwa ni 10 vya milimita 8. Vya pembe, kwato, taya, mkia na kitako ni 14 vya milimita 5. Vitatu ni vya akiba. Vigingi vyenyewe ni sawa, lakini matundu yametobolewa kwa mkono bila kuongozwa, na mengi yameinama. Tundu lililoinama digrii mbili begani linakuwa kwato iliyoachia kitako kwa milimita sita.

Kwa hiyo usiguse gundi siku ya kwanza. Unga kila kitu kikavu, kwa vidole tu, bila nyundo. Kigingi kisipoingia kwa vidole, kipunguze kwa msasa; ukikilazimisha kwa nyundo utapasua mguu kwa kufuata nyuzi za mbao, na ufa wa namna hiyo haufichiki. Wengine hupaka kigingi sabuni ya mche ili kiteleze. Ni mbinu nzuri kwa kiungio kisichotiwa gundi, kama taya la chini ambalo linatakiwa kufunguka na kufungwa. Kwenye kiungio cha gundi sabuni ni sumu, gundi haitashika.

Halafu kuna alama. Vipande vya miguu vimeandikwa kwa penseli: M kwa mbele, N kwa nyuma, na K. K ya nini? Ya kulia, na pia ya kushoto. Kwenye baadhi ya maboksi wameandika KL na KS, lakini penseli inafutika kwa jasho la mkono kabla hujamaliza mguu wa pili. Njia ya kutofautisha ni kutazama kwato: ukucha wa nje umechongwa mpana kidogo kuliko wa ndani. Ukishajua, andika upya kwa kalamu ndani ya tundu, mahali ambapo hapatafutika wala kuonekana. Ukibadilisha wa mbele na wa nyuma utajua tu, maana mguu mnene hautalingana na paja, na bega litashuka chini ya kiuno.

Utaratibu unaoenda vizuri ni huu. Simamisha miguu minne kwenye kitako bila gundi, vigingi vya kwato vikiwa ndani ya kitako. Weka kiwiliwili juu yake. Tazama kwa mbele na kwa upande. Mguu unaoinama, ongeza nafasi kwenye tundu la juu kwa faili la mviringo, upande ule tu unaohitaji. Vyote vikikaa, tia gundi nyeupe ya mbao kwenye viungio vya juu vya miguu, kidogo, iwe filamu tu ndani ya tundu. Gundi nyingi haina pa kwenda: kigingi kinaisukuma chini kama pistoni na mti unapasuka kutokea ndani. Funga miguu kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, vuta kiasi, acha saa 24. Mtwara wakati wa masika acha saa 36. Siku ya pili unga magoti na kwato, siku ya tatu shingo na kichwa. Kwato usizigandishe kwenye kitako. Mfano unaoweza kung'oka husafirishwa kwa urahisi na wanafunzi wanaweza kuushika na kuutazama chini.

Unyevu ni adui wa kimyakimya. Mninga uliochongwa Mtwara umezoea hewa ya bahari. Ukiupeleka Dodoma au hata juu Newala, utasinyaa, na viungio vilivyobana vitaanza kucheza baada ya miezi michache. Mpingo nao hukauka polepole sana na hupasuka kuanzia kwenye ncha zilizokatwa. Siku ya kufungua boksi, kabla ya lolote, paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwenye kila ncha ya pembe na sehemu ya chini ya kila kwato, ukikwepa matundu ya gundi. Seti ikae kwenye chumba chake kipya wiki mbili nzima kabla ya kuunga.

Pembe sasa. Ni kazi ya mkono wa bwana. Zile kubwa za nyuma zina sentimita 9, zimepanuka kama kiganja, zina mifereji na vinundu, na hakuna mbili zinazofanana hata ndani ya boksi moja. Hilo la mwisho, kama halikukusudiwa, limeangukia kwenye ukweli: pembe za Sivatherium wa Afrika hutofautiana sana kutoka kwa mnyama hadi mnyama. Ila umbo hili la kiganja ni la Sivatherium giganteum wa India, ilhali boksi limeandikwa kuwa ni mnyama wa Tanzania. Anayetaka kuwa mkweli kwa wanafunzi wake aseme hivyo.

Kosa la pili la pembe ni mng'aro. Zimesuguliwa hadi zinawaka kama pembe za nyati. Pembe ya nyati au ng'ombe ina ala ngumu juu ya mfupa, ndiyo maana inang'aa. Pembe za ukoo wa twiga ni mfupa wenyewe, hazina ala ya aina hiyo na hazidondoki kila mwaka. Msasa namba 400 na mkono mwepesi vinaondoa mng'aro kwa dakika kumi, na mfano unabadilika sura papo hapo; anaacha kuwa nyati wa ajabu.

Lakini pembe hizi zinavunjika. Kila moja imeshikwa na kigingi cha milimita 5 kilichoingia milimita 8 tu kichwani, na mpingo ni mzito. Boksi likianguka kutoka kimo cha meza, ya kwanza kwenda ni pembe ya nyuma. Dawa yake ni kuongeza kina cha tundu hadi milimita 15 na kutumia kigingi kirefu. Kichwa kina unene wa kutosha, hakitatoboka. Usiache mfano ukizunguka darasani na pembe zilizokatika ukidhani watu wataelewa. Kuna pete ya hatamu ya shaba kutoka Kish, Iraki, kazi ya Wasumeri, watu wa miji ya kale ya huko, yenye mnyama mdogo juu yake. Mwaka 1936 mtaalamu wa mabaki ya wanyama wa kale, Edwin Colbert, alitoa hoja kwamba mnyama huyo ni Sivatherium, kwa maana hiyo watu wa miji ile walikuwa wamemwona akiwa hai. Baadaye vipande vya pembe vilivyokuwa vimekatika vikatambuliwa, na vilipowekwa mahali pake mnyama akawa wa jamii ya kulungu wa Asia. Pembe mbili zilizokatika zilimpa Sivatherium maelfu ya miaka ambayo hakuwa nayo.

Karatasi ya maelezo ina makosa manne katika kurasa mbili. La kwanza, inasema mnyama huyu "alichimbuliwa Tendaguru, Lindi". Hapana. Tendaguru, kama kilomita 60 kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi, ni mahali pa mijusi mikubwa ya miaka milioni 150 iliyopita. Wajerumani walichimba huko kati ya 1909 na 1913 chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, huku msimamizi mkuu wa wachimbaji akiwa Boheti bin Amrani, na mifupa ikaenda Berlin. Mamalia waliopatikana katika miamba ile walikuwa wadogo wa kadiri ya panya. Sivatherium alikuja baadaye kwa zaidi ya miaka milioni 140. Tabaka za Laetoli zenye nyayo za watu wa kale, kwa mfano, zina kama miaka milioni 3.6. Kinachochanganya ni kwamba mjusi mrefu wa Tendaguru siku hizi anaitwa Giraffatitan, na jina hilo lina twiga ndani yake. Muuzaji anasikia twiga, anasikia kale, anasikia Lindi, anafunga hesabu.

La pili, "babu wa twiga". Si babu, ni tawi la pembeni la ukoo huohuo ambalo halikuacha mzao. La tatu, "mkubwa kama tembo", tumeshalimaliza hapo juu kwa mizani ya duka. La nne, "alikula majani ya juu ya miti kama twiga". Kwa shingo ile? Kaboni iliyomo kwenye meno ya Sivatherium wa bonde la Turkana inaonyesha kuwa wa mwanzo walikula majani ya miti na vichaka, na wa baadaye wakahamia kwenye nyasi. Mfano wenyewe unasema kweli kuliko karatasi yake, kwa sababu shingo ina sentimita 13 na imeelekezwa mbele na chini kidogo, kichwa kikiwa karibu usawa wa bega. Ila kwenye kitako fundi amechonga kichaka kirefu mbele ya mdomo. Kichaka hicho kimeshikwa kwa kigingi kimoja na kinatoka bila ubishi.

Huduma ya karakana ni nzuri ukiielewa kalenda yao. Unatoa nusu ya bei, unasubiri wiki tatu. Kuanzia Oktoba hadi Desemba zihesabu kuwa sita au saba, kwa sababu mafundi wengi wana mikorosho yao na korosho haisubiri kinyago. Mteja akipiga simu msimu huo kuulizia mzigo wake atajibiwa kwa upole, "Mwalimu, kazi ipo mkononi," na mkono wenyewe uko shambani. Agiza Machi, au Juni.

Seti inafungwa ndani ya maranda na vipande vya gunia la korosho, ambavyo ni bora kuliko magazeti. Kasoro ni kwamba pembe zinawekwa pamoja na kiwiliwili bila kutenganishwa, na njiani mpingo unamkwaruza mninga. Omba pembe zifungwe peke yake kwenye kitambaa. Kwa basi la kwenda Dar es Salaam andika juu ya boksi "CHINI HAPA" upande wenye kitako, na dai risiti ya EFD. Ikae juu ya boksi, si mfukoni, maana mizigo ya mti huulizwa kwenye vizuizi vya mazao ya misitu. Pembe ya akiba ni shilingi 15,000, mguu mzima 22,000, na wanavituma bila kukuuliza ulivunjaje. Unapoagiza pembe ya akiba, tuma picha ya ile iliyobaki ikiwa kando ya rula, vinginevyo utaletewa nzuri zaidi ambayo haifanani na mwenzake.